Foleni ya Mawe

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, mwaka elfu mbili na kumi na tatu, Edina alifika ofisi ya kijiji cha Itumbwe saa mbili kasorobo asubuhi, na kikopo cha maji, kipande cha sabuni ya mche na kitambaa. Alilipangusa jiwe lake uso, akalisugua kisogoni ambako vumbi la bonde la Momba hupenda kukaa, akalifunga upya kipande chake cha kitenge. Jiwe likakohoa. Edina akalinywesha kijiko kimoja cha dawa ya kifua aliyopewa na nesi wa zahanati, akangoja limeze, kisha akaliuliza kama mtendaji amefika.

"Bado," jiwe likasema.

Edina akakunja kitambaa chake, akaenda kupalilia.

Hapa kwetu mtu hasimami kwenye foleni. Anaweka jiwe. Desturi hii ilianzia bombani, maana mwanamke mwenye mtoto mgongoni na ufuta shambani hawezi kushinda anaangalia ndoo. Basi anaweka jiwe lake kwenye mstari, anakwenda zake, na hakuna atakayelivuka. Kuvuka jiwe la mtu ni sawa na kumruka mtu aliyelala, na hilo hata mlevi hafanyi. Bomba lenyewe lilikufa mwaka tisini na nane. Foleni yake ipo mpaka leo, imenyooka, na haijawahi kutokea ugomvi. Wageni wakitusifu kwa jambo lolote, hutusifu kwa hilo.

Jiwe la Edina lilikuwa kwenye foleni ya ardhi, barazani kwa mtendaji. Aliliweka mwaka elfu mbili na mbili, wakati maofisa walipokuja kutangaza kwamba mwanakijiji anaweza kupewa hati ya kimila ya shamba lake. Edina alikuwa na ekari tatu kando ya mto, alizoachiwa na mumewe Danford, ambaye mwenyewe amezikwa kwenye ncha ya juu ya shamba hilo. Katikati ya shamba kuna kidimbwi kinachotokota bila moto na kunuka kama yai viza, na Edina huloweka mihogo yake humo kwa sababu inaiva upesi. Alitaka karatasi inayosema kwamba hayo yote ni yake. Alijua ardhi isiyo na karatasi inaitwaje siku mtu mwenye gari anapoiulizia. Inaitwa wazi.

Mwaka wa kwanza fomu zilikuwa zimekwisha. Mwaka wa pili fomu zilikuja, wino wa mhuri ukawa umekauka. Baadaye wilaya ikagawanywa, na haikujulikana haraka karatasi zetu ziliangukia upande upi. Watu waliokuwa nyuma ya Edina walikata tamaa, wakaja kuchukua mawe yao wakajengea mabanda ya nguruwe. Edina hakuchukua lake. Yeye ni mtu wa subira, na subira ni kitu ambacho sisi wa Itumbwe tunakijua kuliko kilimo.

Mwaka wa tatu jiwe lilipata joto la mwili. Mwaka wa tano likaanza kukohoa kiangazi. Mwaka wa saba likaanza kuitikia salamu, kwa sauti ya Edina, ila ya chini kidogo na ya upole zaidi. Watu waliopita asubuhi walilisalimia, wakaendelea na safari. Kitu ukikiacha mahali pako muda mrefu kitafanana na wewe; hata kigoda hufanya hivyo. Maumivu ya magoti yaliyokuwa yakimsumbua Edina nayo yalihamia kwenye jiwe, akawa anatembea kama msichana. Alisema kama foleni haijamsaidia kwa hati, imemsaidia kwa magoti.

Mtendaji wa kijiji, Lusubilo, alikuwa kijana msafi mwenye daftari la mahudhurio. Kila asubuhi alifungua mlango, akaita majina ya waliosubiri. Zamani jiwe lilikuwa halijibu, akaweka alama kwa kuliona tu. Siku lilipojibu "Nipo," aliandika vilevile alivyokuwa akiandika: Edina, yupo.

Wiki hiyo ya mwezi wa saba ndipo yalipokuja magari matatu.

Gari la kwanza lilikuwa la kuazima, na ndani yake alikuwamo Watson, mtoto wa kaka yake Edina, anayekaa Chapwa na kubadilisha fedha pale mpakani Tunduma. Alikuwa amesajili kampuni ya mafuta na gesi. Ofisi yake ilikuwa kiti kilekile anachokalia akibadilishia watu kwacha, isipokuwa sasa kiti kilikuwa na mhuri. Gari la pili lilikuwa la Aida, mama wa Mbeya aliyekuwa akiuza mitungi ya gesi ya kupikia, mpaka alipoona bora aanzie inakotoka. La tatu lilikuwa la Bwana Isaka wa Dar es Salaam, mwenye suti na ramani ndefu iliyokunjwa kama mkeka. Kampuni yake ilikuwa na wafanyakazi wawili, na wa pili alikuwa mke wake.

Isaka alikunjua ramani juu ya boneti. Bonde letu lote lilikuwa ndani ya kisanduku cha kalamu nyekundu. Kisanduku hicho, alisema, kinaitwa kitalu. Ofisi kubwa huko Dar es Salaam itatoa kibali kimoja tu cha kutafuta mafuta na gesi ndani yake, na maombi yanafungwa mwisho wa mwezi. Kila ombi lazima liambatane na muhtasari wa kijiji wenye mhuri, unaosema kijiji kimeridhia, na kwamba ardhi penye kidimbwi kinachotokota ni wazi. Atakayewahi ndiye atakayepata.

Wote watatu walitaka kuwahi. Kwa pamoja walikuwa na koleo moja, la kukwamulia gari kwenye matope.

"Mtendaji," Aida akasema, "mimi nimefika kabla ya huyu baba wa suti. Piga mhuri, niondoke."

"Gari lako limefika," Isaka akasema. "Wewe ulikuwa umesimama njiani unanunua mchele."

"Na wewe ungenunua, usingekuwa na uso mkavu hivyo."

Lusubilo akawaonyesha baraza. "Ndugu zangu, hapa tunakwenda kwa mawe. Kila mtu aweke lake. Wa kwanza ni huyu hapa."

"Hamjambo," jiwe la Edina likasema.

"Hatujambo, mama," wakajibu wote watatu, maana walikuwa watu wenye adabu, wakaenda kutafuta mawe.

Isaka aliokota kokoto la barabarani, kwa sababu hakukusudia kukaa. Watson aliweka mawili, moja la mafuta na jingine la gesi. Aida alichukua tofali kwenye darasa letu lisiloisha, na hapo ikabidi tuitane. Nyanzobe, jirani yake Edina, ambaye yeye na mumewe Makene walihamia hapa na ng'ombe wao miaka ya tisini, alisimama mbele akiwa na jembe begani.

"Tofali si jiwe," alisema. "Jiwe limeumbwa. Tofali limefyatuliwa na Emanueli, na hata malipo yake hajapewa."

Tulijadiliana karibu saa mbili. Mwisho tukakubaliana kwamba tofali linaweza kusubiri, lakini halitasalimiwa.

Mawe ya kampuni hayakuwa na malezi ya subira. Siku ya pili yalikuwa yanatokwa jasho. Siku ya tatu kokoto la Isaka lilianza kuita kama simu, na lisipojibiwa lilinung'unika. Tofali la Aida lilijisogeza usiku kwa upana wa kidole, Lusubilo akalirudisha asubuhi akaliandikia onyo. Halafu yakaanza kuuzana. Aida aliuza nafasi yake kwa Watson, Watson akauza moja ya zake kwa Isaka, Isaka akapiga simu ndefu akiwa amepanda juu ya kichuguu ambako mtandao unapatikana, akauza nafasi zote mbili kwa mtu ambaye hatukumwona. Jiwe likiuzwa lilibadilika sauti. Ilipofika Alhamisi kokoto lilikuwa limepita sauti tatu, na ya mwisho ilikuwa nzito, ya lugha ambayo hata mwalimu mkuu hakuitambua. Asubuhi lilikutwa na barafu nyembamba mgongoni. Mwalimu akasema mwenye kokoto atakuwa mtu wa nchi za baridi. Kuku waliokuwa wakilala barazani walihamia upande wa pili.

"Sasa anayechimba ni nani?" Nyanzobe alimuuliza Watson, aliyekuwa ameegemea nguzo anahesabu vidole.

"Hakuna anayechimba, mama. Kuchimba ni kazi ya wa mwisho. Sisi wengine tunauza nafasi ya kuchimba."

"Na huyo wa mwisho yuko wapi?"

"Bado hajazaliwa."

Nyanzobe alimtazama kuanzia viatuni. "Kwetu sisi mtu akiuza ng'ombe, kwanza awe na ng'ombe."

"Ndiyo maana kwenu mnanuka samadi," Watson akasema, na wote wawili wakacheka, maana lilikuwa jibu zuri.

Lakini pamoja na kuuzana kote huko, hakuna kampuni iliyoweza kumfikia Lusubilo. Jiwe la Edina lilikuwa mbele. Walilizunguka, wakalipigia hesabu, wakalitazama kutoka juu ya kichuguu. Kulivuka hawakuthubutu, kwa sababu sote tulikuwa tumekaa barazani tukiangalia, na hatukuwa na kazi nyingine.

Alhamisi hiyo jioni Watson alikwenda nyumbani kwa shangazi yake. Alimkuta anamenya mihogo.

"Mulishani, ba mayo," alisema akipiga makofi mawili ya heshima.

"Bwino. Na hicho Kibemba chako kiache mpakani. Hapa niite shangazi."

"Shangazi, niuzie namba."

"Namba gani?"

"Ya foleni. Uko wa kwanza. Kule Tunduma dereva akiwa wa kwanza kwenye mstari wa malori na hana haraka, anauza. Hapotezi kitu. Anakwenda nyuma, analala."

Edina akamtupia muhogo aumenye. Watson akakunja mikono ya shati, akaanza kumenya.

"Mimi nimepanga foleni nipate hati," Edina alisema. "Nikiuza foleni, hati nitaipatia wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma ya nani?"

Watson akageuza muhogo. Ni mtoto aliyelelewa vizuri, na kisu kikubwa kilikuwa mkononi mwa shangazi yake. "Nyuma yetu," alisema. "Ila, shangazi, nisikufiche. Ule muhtasari tunaoutaka unasema pale kwenye kidimbwi ni ardhi ya wazi. Haina mwenyewe."

"Na mimi ni nini?"

"Wewe uko kwenye foleni."

Edina akaweka kisu chini. Akakusanya maganda. Tangu alipoolewa alikuwa hajawahi kwenda mahali kabla hajaambiwa aende. Mara moja tu, harusini kwake, alitangulia kufika, akaambiwa asubiri nje.

"Basi kesho nakwenda mwenyewe," alisema. "Namwambia anihudumie. Kampuni zikifika mbele, zikute pana mwenyewe."

"Shangazi, mimi je?"

"Wewe maliza huo muhogo."

Ijumaa saa tatu asubuhi Edina alifika amevaa gauni la kanisani, na kadi ya mpiga kura kwenye kifuko cha nailoni. Kijiji kizima kilikuwapo. Lusubilo naye alikuwa na haraka siku hiyo. Wakubwa walikuwa wamempigia simu tangu alfajiri wakimuuliza ni jiwe gani hilo linalozuia maendeleo. Alifungua daftari, akakohoa, akaita.

"Edina."

"Nipo," alisema Edina.

"Nipo," likasema jiwe.

Lusubilo akawatazama kwa zamu. Akafunua daftari nyuma, na nyuma tena, akalibeba hadi kwenye mwanga wa mlangoni. Mtu asiseme kwamba hakutafuta haki. Alitafuta kurasa za miaka kumi na moja.

"Mama," alisema, "wewe umefika leo saa tatu."

"Ndiyo, baba."

"Huyu mwenzako yupo hapa tangu mwaka elfu mbili na mbili."

"Mwenzangu ni jiwe, baba."

"Sikatai. Lakini daftari halisemi jiwe. Linasema Edina, yupo. Leo nikiandika kwamba hakuwepo, nitakuwa nimesema uongo mara elfu mbili na zaidi, na kila mmoja una sahihi yangu."

"Nililiweka mimi mwenyewe. Kwa mikono hii."

"Ndiyo maana lipo."

Nyanzobe alipiga kofi. "Mtendaji, una akili kweli? Huyu ndiye mama Jastin! Jastin si tunamjua sote, yuko Tunduma anapakia malori? Sasa jiwe limezaa?"

"Mambo ya kuzaa hayamo kwenye fomu," Lusubilo alisema. "Fomu inauliza nani amesubiri." Akatugeukia sisi. "Wananchi, mnasemaje? Jiwe la mtu ni mtu, au si mtu?"

Tuseme ukweli, kwa kuwa hakuna faida ya kuficha. Tulitikisa vichwa tukakubali kwamba ni mtu. Si kwamba hatukumpenda Edina. Kila mmoja wetu alikuwa na jiwe mahali: bombani, zahanati, kwenye foleni ya mbolea ya ruzuku, na wengine tulikuwa na mawe hadi wilayani. Tukisema jiwe si mtu, sisi sote tunakuwa hatujawahi kusubiri chochote. Miaka yote hiyo ingekuwa imekwenda bure, na hilo ni jambo ambalo mtu mzima hawezi kulikubali Ijumaa asubuhi mbele ya wageni.

Edina alituangalia. Alisogea pembeni, akapisha.

Hati ilitoka kwa dakika ishirini. Wino ulikuwapo, fomu zilikuwapo. Jiwe liliinuliwa na vijana wawili, likabonyezwa kwenye wino, likaweka alama ya dole gumba iliyo safi kuliko za wengi wetu. Mpiga picha wa mnadani alilipiga pasipoti. Lilitoka vizuri kwa sababu halikupepesa. Jina, Edina. Ukubwa wa ardhi, ekari tatu. Mipaka, mto upande mmoja, Makene upande wa pili, kaburi kwa juu. Lusubilo akasoma kwa sauti, tukapiga makofi, na Edina naye akapiga, kwa kuwa alisikia jina lake limetajwa mara nne kwenye karatasi halali. Alimnong'oneza Nyanzobe: "Si kitu. Sasa hawawezi kusema ni wazi."

"Hapo sawa," Nyanzobe akasema. "Limeingia jina, mengine tutayamaliza nyumbani."

Na kweli hawakuweza kusema ni wazi. Isaka, ambaye kama Aida alikuwa ameuza nafasi lakini si ombi lake, alitoa kalamu ya dhahabu, akafuta neno wazi kwenye muhtasari wake, akaandika juu yake: yenye mwenyewe, aliyeridhia. Kisha akapiga magoti mbele ya jiwe bila kujali suti.

"Mama mwenye ardhi," alisema, "sisi tunaomba kutafuta mafuta na gesi katika shamba lako. Tutaingia, tutapima, tutatoboa. Je, unaridhia?"

Edina alikuwa ameshika nguzo. Siku ile ndipo alipokumbuka kuwa jiwe lile, tangu liwekwe pale, lilikuwa halijamsikia akimjibu mkubwa kwa zaidi ya neno moja. Kila Jumatatu, Lusubilo alipomwambia arudi wiki ijayo, Edina alimjibu kwa heshima, mikono imeshikana, kama alivyofundishwa na mama yake kumjibu mtu wa ofisi. Jiwe halikuwa na somo jingine.

"Sawa baba," likasema. "Kama mnavyoona ninyi."

"Mimi siridhii!" Edina alisema.

Alilisema kwa nguvu, na ilikuwa mara ya kwanza kulisema, kwa hiyo lilitoka limepinda kidogo. Tulimgeukia. Lusubilo akamwekea kiti.

"Kaa, mama. Wewe tumekuandika shahidi."

"Na kidimbwi je?" Isaka akaendelea. "Tunaweza kukizungushia uzio?"

"Sawa baba. Kama mnavyoona ninyi."

"Na hili kaburi la hapa juu, likibidi kuhamishwa?"

"Jamani!" Edina akasema. Jiwe nalo lilikuwa limekwisha kujibu.

Aida aliuliza yake, akaitwa baba, akaitikia. Mtu wa nchi za baridi aliuliza kupitia kokoto lake kwa lugha yake, hakuna aliyejua ameomba nini, na jiwe likamridhia. Watson peke yake hakuuliza. Alisema jibu amelisikia, akaomba tu apigiwe mhuri, huku akiangalia viatu vyake. Lusubilo alipiga mihuri yote siku hiyohiyo, ya kitalu kilekile, kwa maneno yaleyale. Ofisini kwake alisema kazi yake ni kuthibitisha, si kuchagua.

Magari matatu yaliondoka kwa kasi kuelekea Dar es Salaam, yakituachia vumbi ambalo lilikaa hewani mpaka Jumapili. Tulikuja kuambiwa kwamba wote watatu waliuza mihtasari yao kabla hawajafika Makambako, kwa mtu mmoja, kwa njia ya simu. Kibali kilitoka kwa jina lisilokuwa lao. Kabla ya Krismasi kilikuwa kimeuzwa tena, na tena, na mara moja kilirudi kwa Watson kwa siku mbili bila yeye kujua.

Mwenye ardhi lazima akae kwenye ardhi yake. Hivyo ndivyo hati inavyosema kwa nyuma, kwa maandishi madogo. Makene alitoa mkokoteni na maksai wawili, tukalipeleka jiwe shambani, tukaliketisha kando ya kidimbwi, hati yake imefungwa kwenye nailoni mbili ili isilowe. Kwa kuwa mwenyewe hana mikono, Edina akapewa ruhusa ya kulima kama mpangaji, na gunia moja la ufuta kila msimu liwe la mwenye shamba. Jiwe halili ufuta. Lusubilo analitunzia.

Watson alikuja Krismasi na kilo mbili za sukari. Alilisalimia jiwe kwanza, kwa kuwa ndilo lenye shamba, halafu akamsalimia Edina.

"Shangazi, umenikasirikia?"

"Wewe ni mtoto," Edina alisema. "Watoto wanauza hata vibiriti vya jikoni."

Nyanzobe ndiye hakunyamaza. Kila alipopita na ng'ombe alisimama mpakani, akanyoosha fimbo. "Mama Jastin, hilo jiwe lisukume humo majini! Nani ataona?"

"Litazama," Edina alisema.

"Si ndiyo ninachosema?"

"Lina jina langu, mwenzangu. Litazama nalo." Akaendelea kupalilia. "Halafu magoti yangu yamo humo. Nikilitupa yatarudi, na huu mlima nitaupandaje?"

Nyanzobe akafyonza, akapiga ng'ombe wake.

Mwezi wa pili, ufuta ukiwa umeanza kutoa maua, ilikuja barua. Lusubilo alikuja nayo shambani, akaisomea jiwe, maana ndilo lililoandikiwa. Mwenye kibali, ambaye alikuwa wa sita au wa saba, aliomba njia ya hatua sita kwa upana, kutoka barabarani hadi kwenye kidimbwi, kwa ajili ya gari la kutobolea. Jiwe liliridhia. Njia ikapimwa kwa kamba. Ilipita hatua moja kando ya kaburi la Danford, na Lusubilo akasema tumebahatika.

Edina aling'oa ufuta wake mwenyewe, mstari kwa mstari, maua yakiwa bado juu. Nyanzobe alifunga ng'ombe wake kwenye mti, akaja kumsaidia, akitukana kwa Kisukuma mpaka walipofika majini. Mwaka uliofuata majani yaliota tena, ikaja barua nyingine yenye jina jingine juu, ikikumbusha kwamba njia lazima iwe wazi wakati wote. Edina peke yake hakuiweza. Tukaitana, tukapanga majina.

Gari halijapita mpaka leo. Lakini njia ni safi, mtu anaweza kuviringisha chungwa kutoka barabarani hadi kwenye kidimbwi lisisimame. Tunaifyeka wenyewe, kwa zamu.